Usilikate

Shangazi alizaliwa mwaka wa ukame,
upande wa chini wa kijiji,
tulikopangiwa ili upepo uanzie kwao
uishie kwetu, usije ukarudi na pumzi zetu.
Jina alilichagua mwenye shamba.
Babu alishika kilemba mkononi, akaitika: Naam.
Kachra.
Yaani takataka.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani.
Yetu yalikuwa Jiwe, Vumbi, Takataka,
majina ya kuitwa kwa mbali,
mtu aje abebe mzoga wa ng'ombe
kabla haujavimba.

Miaka arobaini amekata miwa.
Oktoba anaondoka na mkokoteni,
Machi anarudi na deni.
Pale njia panda, kikombe chake cha chai
kilitundikwa nje, kwenye msumari,
akinywa anakisuuza mwenyewe.
Ufa wake anaujua hata leo:
ulianzia kwenye mkono, ukateremka kama mto.

Majuzi akaniambia, Nipeleke tarafani.
Alivaa sari ya bluu, ile ya maandamano ya Aprili.
Karani hakuinua uso.
"Sababu ya kubadilisha jina?"
"Nafagia," akasema shangazi.

"Jina jipya?"

Kimya. Feni ilizunguka ikikwaruza.
Nikadhani amesahau, au ameogopa.
Kumbe alikuwa nalo siku zote,
kalibana shavuni kama tambuu,
akilitaja peke yake, muwa kwa muwa,
kila panga liliposhuka:
Vaijayanta.

Karani akaandika Vaiju.
Kisanduku ni kidogo, mama, alisema.
Shangazi akaweka kidole juu ya meza,
kidole chenye makovu mpaka kwenye kucha.
"Hapa mkata miwa ni mimi.
Jina langu usilikate."

Likaandikwa lote, mkia ukatoka nje ya kisanduku.
Wino wa dole gumba akausukuma pembeni,
akaomba kalamu.
Herufi zake zilipanda kama mbuzi mlimani,
moja mbele, nyingine ikisitasita.

Usidhani dunia iligeuka.
Jioni ileile, mtoto wa mwenye shamba
alisimamisha pikipiki: "We, Kachra!"
Shangazi anapepeta mtama.
"Kachra!"
Pumba zinaruka, punje zinabaki.
Mara ya tatu
aliyegeuka ni mbwa.

Nami nilikuwa nimekaa kizingitini,
msomi wa Pune,
niliyebandika mlangoni bwenini
jina langu la kwanza kwa herufi kubwa,
kisha S, kisha nukta,
wenzangu wasinijue ukoo,
wasije wakahamisha vitanda vyao.
Shangazi hakunisema. Hakujua.
Alinipa tu ungo, nimshikie.

Jumatatu nilirudi bwenini.
Nilisimama mbele ya mlango kwa muda,
korido imejaa watu wenye ndoo na mataulo.
Nikaifuta nukta kwa mate na kidole,
nikaendelea kuandika.