Dakika Kumi na Saba

Kabla sijafungua mkoba wa kamera
Kabahweza aliniuliza empaako yangu,
maana kwao Bunyoro humwiti mtu kwa jina tupu.
Nikasema, Atwooki.
Basi Atwooki, kaa chini,
mtu hapigwi picha umemsimamia kichwani kama mdai.

Nikakaa. Udongo ulitoka kinamasini jana,
umelala chini ya majani ya mgomba,
na kando yake vigae vya mtungi wa mama yake,
vimetwangwa, vimechekechwa, vinangoja kuchanganywa.
Mtungi mpya hula wa zamani, alisema,
la sivyo hupasuka motoni.

Nilinasa mikono,
kamba za udongo zikipanda duara juu ya duara,
kipande cha kibuyu kikikwangua.
Nikasema: Bibi, rudia hapo, mwanga ulikuwa mbaya.
Akacheka mpaka kuku wakahama.
Udongo hauna rudia, Atwooki.
Una mapema, na una kuchelewa.

Kisha, bila kuinua macho:
Hicho kijicho chako kinaona nini?
Mikono yako.
Mkono upi?

Nikachungulia. Mmoja ulikuwa nje, unapapasa tu.
Mwingine umezama hadi kiwikoni
katika giza la mtungi,
na huko ndiko kazi ilikokuwa.

Lete kidole gumba, akasema.

Niliiweka kamera juu ya kinu. Sikuizima.

Sasa niko Kampala, chumba cha kuhariri,
feni inakwaruza, chai imepoa,
bosi anauliza dakika kumi na saba hizi ni za nini:
ukuta, mguu wa kigoda,
kuku anaingia, kuku anatoka,
na sauti ya bibi mmoja asiyeonekana:
Polepole. Hapo pana unene. Usitazame.
Unasikia nao unavyokusukuma?
Kimya kirefu. Halafu *lo!* yangu,
bega la mtungi linaporomoka, pwaa,
naye, kwa furaha kabisa:
Sasa huu ndio unaorudiwa.

Zikate, anasema bosi. Hazionyeshi kitu.

Nimeshika kipanya.
Chini ya ukucha wa gumba kuna uzi wa kijivu,
wiki ya tatu leo, sabuni imeshindwa.
Nimemwambia kesho.