Kuanguka Pembeni

Februari, ziwa la Kuhmo limeganda kina cha mkono mzima.
Shangazi Hilkka, dereva wa gari la kuondoa theluji,
ametoboa barafu, akasimika kigingi,
akapachika juu yake gogo refu la msonobari
linalozunguka kama mshale wa saa.
Nchani amefunga kibao cha kuteleza.
"Keti. Wewe ni mwezi.
Oskari, shika kigingi. Wewe ni dunia. Usilie."

Anasukuma.
Sauna, msitu, daraja, sauna, msitu, daraja,
upepo unanikata masikio,
na Oskari analalamika kwamba haoni
ila pua yangu, pua ileile,
kisogo changu hajakiona hata mara moja.
"Ndivyo mwezi ulivyo," asema Hilkka.
"Ukimaliza mzunguko mmoja, nao umejigeuza mara moja.
Ndiyo maana una mgongo tusiouona kutoka hapa."

Kigingi kimeinama, duara langu limepinda.
"Afadhali. Huko juu hakuna mwenye duara kamili."

Nauliza: gogo likikatika?
"Utakwenda moja kwa moja, umenyooka kama rula,
hadi uani kwa akina Karppinen."
Na mwezi, umefungwa kwa gogo gani?

Anasimama. Pumzi yake inatoka nyeupe.
"Hapo ndipo nilipokudanganya. Hakuna gogo.
Kuna mvuto tu,
na mvuto unajua kuvuta, haujui kushikilia.
Mwezi unaanguka, mtoto wangu.
Unaanguka sasa hivi,
ila unakimbia pembeni kwa kasi,
hata kila ukianguka
dunia imeshajikunja chini yake.
Unaikosa. Kila siku unaikosa."

Anasogeza kibao karibu na kigingi,
anasukuma kwa nguvu zote za mabega yake.
"Sasa wewe ni Utaridi. Karibu na jua
ukizembea unaliwa!
Siku themanini na nane, mwaka umekwisha.
Neptuni, kule mbali, haina haraka:
miaka mia moja sitini na tano.
Nyanya yako alizaliwa, akaolewa, akazikwa,
yenyewe haijafika nusu."

Nateremka. Ziwa linaendelea kuzunguka bila mimi.
Nalala chali thelujini, kofia imenitoka,
na mwezi uko pale juu ya misonobari,
umetulia kama sahani rafuni,
unaanguka.

"Zamu yangu," asema Oskari, kamasi zimemganda.
"Na mimi nataka kukosa."