Ngailo Ameleta Benzi

Ngailo amekuja nayo toka Makambako, Jumamosi alfajiri,
ukungu bado umelalia miparachichi,
nikasikia matairi kwenye changarawe
kabla ya kusikia injini.
Hivyo ndivyo Benzi inavyobisha hodi.

Ya bluu. Bluu ile ile.
Nilikuwa darasa la tano, debe la maji kichwani,
ilipopita njia ya Lupembe na mtu kiti cha nyuma
anasoma gazeti.
Anasoma! Kwenye barabara ile!
Maji yalinimwagikia hadi miguuni nisihisi baridi,
mimi, mtoto wa Njombe, mwezi wa saba.

"Tubadilishane," anasema Ngailo, "uniongezee milioni nne."
Nne ninazo. Parachichi zimenijalia mwaka huu.
Miaka yote nilikuwa na sababu moja tu ya kukataa,
nayo ni ufukara; sasa umenitoroka,
umeniacha peke yangu na Pijo uani.

Pijo mia tano na nne, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
gia ubavuni mwa usukani,
buti linafungwa kwa kamba ya katani.
Baba aliinunua kwa mshahara wa bwana shamba
na kwa madeni ambayo mama hakuambiwa.
Sakafuni, upande wa abiria, kuna tundu kama kisahani.
Mama alilipenda kuliko kioo.
"Kule mbele mnaniahidi tu," alisema,
"hapa naona kweli tunakwenda."
Sijaliziba. Fundi Anyelwisye ameniomba mara tatu.

Wala msidhani naipamba.
Inakunywa kama mlevi wa ulanzi.
Asubuhi za Juni navuta choki, nabembeleza, natukana,
naomba radhi, ndipo ikohoe.
Spea hakuna Njombe, hakuna Mbeya,
kuna binamu wa mtu fulani, Iringa, asiyepokea simu.
Mwaka juzi ilinizimikia katikati ya Kitonga,
malori nyuma yangu yakilia honi kama yamefiwa,
nikaapa, kiganja juu ya boneti,
nikifika salama naiuza kwa kilo.
Boneti ikaniunguza.
Nikasema samahani.

Tulinagwe hataki kuulizwa.
"Usiache mbachao kwa msala upitao,"
akarudi kupukuchua mahindi.
Lakini msala wenyewe haupiti, mama Lusajo,
umeegeshwa uani, funguo ndani,
na unanukia ngozi.
Mdogo wangu kapiga simu toka Uyole:
"Kaka, kipya kinyemi!"
Mtandao ukakatika hapo.
Ingawa kidonda, nikamalizia, nikiwaambia kuku.

"Basi tuzijaribu," akasema Ngailo.
"Wewe yangu, mimi yako,
mpaka kiwanda cha chai na kurudi."
Akaingia kwenye Pijo bila kuinama vya kutosha.
Paa likamkumbusha.

Benzi haiendeshwi, inakubali tu.
Mashimo ninayoyajua kwa majina
yalipita chini yangu bila salamu.
Nilikaa pale kama mgeni aliyepewa kiti cha mwenye nyumba.
Nilifurahi, nisiwafiche. Nilifurahi mpaka nikajikuta
nikitafuta gazeti.

Kisha, mbele, Pijo ikaanza kuupanda mlima wa misonobari,
na nikatambua kitu:
miaka yote hii sijawahi kuiona ikiondoka.
Imeinamia kushoto, upande wa mama.
Taa moja ya nyuma nyekundu,
nyingine imepauka kama jicho lililochoka.
Moshi kidogo. Kamba ya katani inapunga.

Hakuna aliyemwambia Ngailo kuhusu gia ya tatu,
kwamba unasukuma, unangoja pumzi moja,
ndipo unavuta.
Nilisikia meno yakisagana bonde zima.

Na huku chini, ndani ya Benzi isiyo na klachi,
mguu wangu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe,
ukakanyaga zulia hadi mwisho,
ukangoja.