Kumi na Tatu

Saa mbili asubuhi Dougie anapiga simu.
Goti.
Dakika tano baadaye ni Ashwin wa duka la dawa:
zamu imembana. Halafu mapacha wa Threlkeld,
na anayeongea ni mama yao,
anaongea kwa niaba ya wote wawili,
kwa kunong'ona, maana bado wamelala.

Nahesabu kwa vidole. Nahesabu tena kwa kalamu.
Kumi na tatu.
Raga inataka kumi na watano,
na kikosi chetu cha pili hapa Skelby,
tangu kiwanda cha magodoro kifungwe,
kimekuwa kinywa cha mtoto wa miaka saba:
kila wiki jino.

Nje, Clive Ormerod anapaka mistari,
chokaa juu ya umande.
Mstari wa mita ishirini na mbili umepinda palepale
ulipopinda mwaka aliomzika mkewe,
na hakuna refa aliyewahi kuuliza.
Kondoo wa Bwana Garside wameacha salamu zao
nyuma ya milingoti.
Clive anaziondoa kwa sepetu, moja moja, bila hasira.

Wageni wanashuka basini saa saba na nusu,
ishirini na wawili, vifua kama milango ya ghala.
Nahodha wao ananiona nikikunja jezi mbili
na kuzirudisha kikapuni.
Haulizi mengi. Anageuka nyuma:
"Nani na nani watawachezea hawa?"
Kimya kidogo.
Kisha mikono miwili, mmoja ukiwa na andazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini mgeni gani huyu
avuaye jezi yake mlangoni mwako
akavaa yako, iliyoshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine,
kisha akaenda kuwapiga vikumbo ndugu zake?

Kipenga.
Skramu ya kwanza inazama kwenye tope,
inanuka ng'ombe na dawa ya kuchua,
na mvuke unapanda migongoni
kama sufuria iliyofunuliwa kabla ya wakati.
Yule mwembamba wa kuazima, wanamwita Fenwick,
anamdaka nahodha wake mwenyewe kiunoni
anamlaza kama gunia la viazi.
Wanacheka wote wawili, nyuso ndani ya matope.

Tunafungwa. Tunafungwa tena.
Naacha kuandika alama kwa dakika kumi
kwa sababu kalamu imelowa,
au ndivyo nitakavyoiambia kamati.

Dakika ya sabini mpira,
yai lile lisilojua liendako,
unadunda kushoto na dunia nzima imeelekea kulia,
unamwangukia kifuani Stan Pobjoy,
kilo mia na ishirini, miaka kumi na tisa bila trai.
Stan anautazama kama mtu aliyekabidhiwa kichanga.
Anakimbia.
Uwanja uko wazi mpaka kwenye ua wa miiba.
Clive ameangusha ndoo. Mimi nimesimama juu ya benchi.
Zimebaki mita nne
Stan anapoanguka.
Hakuna aliyemgusa.
Miguu yake tu, kushoto na kulia, ilikosa kuelewana.

Hamsini na sita kwa tatu.

Baadaye, pai na njegere, bia kwenye majagi,
Stan anasimulia zile mita nne
na kila jagi linapojaa zinapungua:
tatu, mbili, kiganja.
Fenwick ameketi katikati ya meza mbili,
kiti chake nusu huku nusu kule,
anamegewa pai na pande zote.

Saa nne usiku nabaki na mashine ya kufulia.
Nageuza mikono ya jezi, nakung'uta nyasi,
natoa plasta, natoa chokaa ya Clive.
Nahesabu kwa vidole. Nahesabu tena kwa kalamu.
Kumi na nne.

Mtu ameondoka na namba kumi na moja.
Namba ya simu ya nahodha wao ninayo,
imebandikwa hapa, juu ya swichi.
Nafunga mlango wa mashine, natia sabuni,
naacha izunguke.