Majivu Anaogelea

Ulianguka Gulwe, kando ya reli,
mwaka ule mto ulipobaki mchanga mtupu,
na Ndahani akakuchuna mwenyewe, bila neno,
akaitundika ngozi yako kwenye uzio wa miiba
kama mtu anayeanika shuka la mgonjwa.
Miaka sita sasa.

Leo saa moja asubuhi nimekutoa mtungini.
Moshi wa baridi ukanilamba viganja,
baridi ambayo hapa Mpwapwa hatujaipa jina.
Mrija mmoja, mwembamba kuliko bua la ulezi,
una namba yako kwa mwandiko wangu wa zamani,
nilipokuwa bado naivuta saba mkia.
Nikauzamisha kwenye maji ya vuguvugu,
joto la kwapa la ndama,
nikahesabu hadi arobaini kwa Kigogo,
kama bibi alivyohesabu punje za mtama wa kupanda:
polepole, maana anayekimbiza hesabu hujipunja.

Kisha darubini.
Na wewe, ewe maiti, ukaanza kucheza.

Si wote. Nusu yenu hamkuamka.
Wengine wamejikunja mikia,
wengine wanazunguka palepale
kama mbuzi aliyefungwa kigingini.
Wachache wanakwenda. Wananyoosha njia
kama watu waliobeba taarifa ya msiba.

Mayai yalifika jana kwa basi la mchana
kutoka machinjio ya Kizota,
ndani ya chupa ya chai yenye maua mekundu;
ovari za ng'ombe ambao jioni yake
walikuwa tayari supu.
Kondakta aliuliza, "Mama, hii ya maziwa?"
Nikamwambia, "Bado."

Kwa hiyo baba amekufa, mama kachinjwa,
na mimi katikati yao, koti jeupe, glavu,
mshenga wa marehemu wawili.

Nakulaza chini ya bomba,
juu yako namimina maji ya lishe, tone kwa tone,
bomba nimelilaza mshazari.
Dakika arobaini na tano.
Awezaye kupanda, na apande.
Atakayebaki chini hatumwandiki.
Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofanya,
ingawa Ndahani, siku nilipomweleza,
alivuta ugoro, akapiga chafya mbili, akasema:
"Na wewe umejuaje kwamba anayewahi ndiye anayedumu?
Majivu hakuwa mkimbiaji.
Majivu alikuwa wa mwisho kutoka zizini,
wa mwisho kufika lamboni,
na wa mwisho kufa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chati.

Umeme ukakatika, ukarudi. Jenereta ikakohoa.
Nikanyonya maji ya juu, yale yaliyojaa waliofaulu,
nikawagawia sahani tatu, nikaandika:
moja, mbili, tatu, tarehe, jina langu.

Yai moja lilibaki.
Na chini ya bomba, pale penye ukungu,
wale wako wa polepole walikuwa bado wanajikongoja.
Nilitazama mlango.
Sindano ikazama chini kuliko ilivyotakiwa.
Sahani ya nne sikuiandika neno,
niliitia nukta tu, kwa kalamu ya rangi ya kijivu.

Mbeleje amepiga simu mara mbili.
Ng'ombe wake yuko tayari kubeba, anasema,
amemtengea pumba, amemfagilia banda,
na je, huyo ndama atafanana na nani?
Nikamwambia atafanana na mvua ikinyesha.
Akacheka, halafu akanyamaza,
maana Mima haijanyesha.

Asubuhi ya pili nimefungua kabati la joto.
Ya kwanza imegawanyika mara mbili.
Ya pili, nne, mviringo safi kama ngumi ya mtoto.
Ya tatu, mbili.
Ya nne bado ni moja:
nzima, haijapasuka wala kusinyaa,
imekaa tu na weusi wake wa katikati.

Utaratibu unasema tupa.

Nimeirudisha ndani,
nikafunga kabati taratibu, kwa bega,
kama mtu anayeegesha lango la zizi
akijua kuna mmoja hajafika.