Kalamu ya Risasi

Heldur Kõiv alikuja Jumanne ya kwanza ya Novemba,
akakung'uta theluji mlangoni pa maktaba ya Rõuge,
akaketi nyuma ya Leida, anayemchora mbwa wake Nupi
huu mwezi wa tano, na bado hajamaliza sikio,
maana Nupi hakai.

Mezani akapanga kalamu saba, mpya, kama vijiko vya wageni.
Kisha picha: ya mwaka sabini na nne, kingo zimelika,
kijana kavaa kofia ya sufu, bunduki begani,
na miguuni pake linksi,
yule paka mkubwa wa misitu ya baridi, mwenye vishungi masikioni,
amelala kama aliyechoka tu.

"Namtaka huyu," akasema. "Mimi niondoe."

Nikamfundisha ninachowafundisha wote.
Usichore unywele. Chora giza lililo kati ya unywele na unywele.
Anza na kalamu ngumu, kwa mkono mwepesi,
kama unayemfunika mtoto aliyelala;
ile laini, nyeusi, ingoje zamu yake.
Toka mzizini, inuka kabla ya ncha,
mstari ufe wenyewe, usiuchinje.
Puani manyoya ni mafupi kuliko punje ya mchele,
shavuni yanarefuka, shingoni yanapinduka,
kila mahali yana njia yake, kama maji yajuavyo mteremko.
Weupe hauchorwi. Weupe unaachwa.
Ukishauchafua, ufutio utakurudishia nusu.

Aliyaandika yote nyuma ya risiti ya dukani.

Kalamu alichonga kwa kisu, kichongeo hakukitaka.
Wiki ya tatu akaniambia kisu ni kile kile.
"Nilimchuna kwa dakika arobaini.
Baba akanisifu kwa kutoitoboa ngozi."
Jioni nzima hiyo alikuwa amemaliza
eneo la upana wa stempu mbili.

Tunaiita kalamu ya risasi, na ndani hamna risasi,
ni grafiti tu, weusi unaoteleza na kung'aa kiganjani,
lakini jina ni jina. Nilimtazama
akifumba jicho moja, akizuia pumzi
kabla ya kila mstari,
na sikumwuliza alijifunzia wapi.

Januari ikamkuta masikioni.
Mle ndani mna malaika, vinywele ambavyo hata mwanga
hupita bila kubisha hodi.
Aliyachora, akayafuta, mara sita,
hadi karatasi yenyewe ikaanza kuota malaika.
Akacheka. Kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake,
kikavu, kama mlango wa ghala.

Mabaka yakaja, kidevu kikaja, sharubu
akazinyanyua gizani kwa kona ya ufutio, moja moja.
Ila nyuma ya bega la kushoto aliacha mahali peupe,
ukubwa wa kifungo cha koti.
Nikadhani ni mng'ao. Nikamwambia:
mwanga hauangukii hapo, unatoka upande wa pili.
"Najua," akasema.
Leida aliacha kutafuna biskuti.

Machi, njia zote tope, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.
"Hapa manyoya yanaelekea wapi?"
Nikainama juu ya picha. Picha haikusema kitu:
pale pana doa.
"Nilimpapasa mara moja," akasema, "angali na joto.
Lakini nilipapasa kinyume."

Sikuwa na jibu. Mimi hufundisha kutoka kwenye picha.

Leida ndiye aliyeinama chini ya meza,
akamtoa Nupi kwenye kikapu, amejaa usingizi na hasira,
akamweka katikati ya kalamu.
"Mguse huyu."

Kidole cha Heldur kilikwenda taratibu
nyuma ya bega la kushoto, kikasimama,
kikashuka.
"Chini," akasema, "kisha nyuma."
Akarudia. Nupi akapiga miayo.
Akarudia tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ndipo akachukua kalamu ngumu kuliko zote,
macho yote mawili wazi.

Saa mbili mlinzi akapita akizima taa za ukumbi.
Tulimwomba aiache ile ya mezani.