Hesabu ya Madoa

Miaka thelathini na miwili nimefua jezi za klabu hii.
Waandishi huhesabu trai. Mimi nahesabu madoa.
Damu hutoka kwa maji baridi na chumvi;
ukiitia maji ya moto, umeiandikisha ukaazi.
Tope la Yorkshire ni jambo jingine:
hilo huliombi, unalisubiri likauke,
kisha unalibandua kama ukoko wa sufuria.

Royston Haigh alikuja ana miaka kumi na saba,
masikio yake bado yana umbo la masikio,
mwana wa mwezekaji mapaa wa nyuma ya kiwanda cha sufu.
Jezi yake aliniletea mwenyewe, imekunjwa,
kama anayerudisha sahani kwa jirani.
Namba kumi na saba. Haina hata unyasi.
Alikaa benchi dakika zote themanini
na bado akaniomba radhi kwa usumbufu.

Baadaye nilimjua kwa uchafu wake.
Kiwanja chetu kimelala upande, meza yenye mguu mfupi:
nusu moja unapanda, nusu moja unateremka.
Wengine walirudi na tope magotini.
Yeye kifuani, shingoni, ndani ya kola,
mtu aliyeuingia mlima kwa kichwa.
Mwili haujengwi kwa matofali, husema watu.
Hawakumwona Royston akibeba mpira mwezi wa Februari.

Na hii ndiyo sheria ya raga ya watu kumi na watatu:
ukikabwa mara sita, mpira si wako tena.
Goti la kushoto, moja.
Taya, kule Hull, mbili; Krismasi nzima supu kwa mrija.
Kidole cha pete, tatu; Glenys akaitundika pete kwenye mkufu.
Bega, nne.
Bega lile lile, tano.
Ya sita haikutangazwa. Niliiona mimi, beseni likiwa mbele yangu:
jezi ikaanza kurudi nyeusi mgongoni,
kifuani safi.
Jezi ya mtu anayesukumwa.

Wakampa koti la ukocha, zito, zipu hadi kidevuni.
Nikamwambia, Royston, umenipunguzia kazi.
Akacheka, ameshika kiuno kama mjamzito.

Msimu ule tulifungwa mechi kumi na moja.
Mvua ya pembeni haichafui, inalowesha tu.
Alisimama juu kule kwenye mteremko, sauti imemkauka,
na miguu yake, nilikuwa naitazama,
ilikuwa inakimbia imesimama.

Mifuko huwa naipekua kabla ya mashine.
Peremende za mnanaa, vidonge vya maumivu, risiti ya petroli.
Jumatano moja ya Machi, karatasi:
majina kumi na saba kwa penseli bapa ya fundi,
na la kumi na nane limekatwa,
likaandikwa tena, likakatwa,
hadi karatasi ikatoboka.
Dale Thackray.
Aliyembeba kule Hull, taya limeshikiliwa kwa taulo langu.
Aliyesimama naye siku ya harusi.

Kwa hiyo nilijua kabla Dale hajajua.
Nikaikausha ile karatasi juu ya bomba la joto,
nikairudisha mfukoni. Si kazi yangu kusoma.
Glenys aliniambia usiku ule mumewe alikula amesimama.
Alhamisi Dale akaja na soksi zake, bukta, kila kitu.
Nikamuuliza chai. Akasema hapana.
Akakaa, akanywa vikombe viwili.

Jumamosi tulishinda kwa pointi mbili.
Dale alikuwa jukwaani, upande wa bondeni,
anamwambia refa amevaa miwani ya mkewe.
Royston hakugeuka, lakini bega lile bovu lilitikisika.
Jioni wakanimwagia kikapu sakafuni:
jezi kumi na saba,
zote, Mungu wangu, chafu kifuani.